Mke wa Pili Hakutoshea Kwenye Picha

Wenzangu wa chumba cha nyuma,

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, chupa ya chai na hotuba tatu. Blanketi ninalo magotini sasa hivi, chai imo kwenye chupa, hotuba nimezisahau. Mliniomba nami niseme machache, nikasema "asanteni" nikaketi, kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Haya ndiyo yaliyobaki. Sitawaeleza nilipanda cheo lini, maana ngazi yenyewe ilikuwa na kipago kimoja na nilianzia hapo hapo. Nitawaeleza habari za picha ndogo.

Ninyi mnabonyeza mara moja tu, na hati yoyote, iwe barua, kadi au cheti, inajitokeza kwenye ukurasa wa mtandao ikiwa na kapicha kake safi, mtu aonje kwa macho kabla hajaifungua. Hamjui kanatoka wapi na wala hamuulizi. Sisi dukani tulikaita "kadogo", na vikiwa vingi tulisema "tudogo", na kila kadogo kalitengenezwa kwa mikono, kwa macho, kwa simu ya waya na kwa sala. Katika hivyo vinne, sala ndiyo iliyokuwa haikatiki.

Niliingia duka la Mzee Lalji mjini Kisii miaka ya tisini ikianza, nikitokea Mosocho, ambako ni karibu kiasi kwamba mtu akikasirika anaweza kurudi kwa miguu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo mama alizikunja vizuri akazitia ndani ya Biblia, kwenye Hesabu, mahali ambapo hapakufunguliwa mara kwa mara. Nilikuwa pia na cheti cha kupiga taipu. Wenzangu walikwenda Nairobi kutafuta maisha. Mimi nilitafuta kazi iliyo karibu na kitanda changu, nikaipata, na sijawahi kuijutia. Nairobi nimefika mara mbili, na mara zote mbili swali langu la kwanza lilikuwa gari la kurudi linaondoka saa ngapi.

Mzee Lalji alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisii, na Ekegusii chake, lugha ya kwetu, kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili changu. Mbele aliuza daftari, kalamu na manila. Nyuma alichapa kadi za harusi, za harambee na programu za mazishi. Alinihoji kwa maswali mawili.

"Unajua kupiga taipu?"

"Najua."

"Unajua kunyamaza?"

"Najua."

"Basi nusu ya kazi unaijua," akasema. Hakusema ni nusu ipi. Baada ya wiki moja nadhani alikuwa amegundua kwamba ni robo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ondieki, mpangaji herufi za risasi za kuchapia, ambaye kidole gumba chake kilikuwa cheusi hata siku ya kanisa. Ukutani alikuwa na ubao mrefu wa sampuli: kadi za zamani zimebanwa kwa pini, mteja anyooshe kidole tu. Kama mnataka kujua ukurasa wenu wa mtandao ulizaliwa wapi, ulizaliwa pale, katikati ya kalenda na ndoo ya kukinga maji yanayovuja.

Wiki yangu ya kwanza akaja bwana mmoja kutoka Nyamira, mwana wake anaoa. Akaelekeza kidole kwenye kadi moja ubaoni. "Nataka hii hii. Usibadilishe kitu." Mimi ni mtu mtiifu. Sikubadilisha kitu. Kadi zikatoka maridadi, zikiwaalika watu wa Nyamira kwenye harusi ya Samweli na Ruth, watu wawili wa Mosocho waliokuwa wameoana miaka mitatu iliyopita na tayari walikuwa hawasemezani.

Nilidhani nitafukuzwa. Mzee Ondieki aliichukua kadi moja, akaitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Kerubo, mwanangu, mteja hasomi. Mteja anaona. Na anaona kile anachotaka kukiona. Kazi yako ni kuhakikisha anachokiona na anachokipata havigombani barabarani."

Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari. Kisha nikayavunja kwa miaka kumi hivi.

Kompyuta ilikuja katikati ya muongo, ikafunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi harusi. Pamoja nayo akarudi Hansa, binti wa Mzee Lalji, aliyekuwa amesomea mashine hizo Nairobi. Hansa alinifundisha kila ninachokijua na akanicheka kwa kila nisichokijua, kwa hiyo muda mwingi alikuwa anacheka. Baadaye kidogo zikaja skana na modemu. Modemu ilichomekwa kwenye simu ya duka, ile ile moja, na ilipokuwa ikiongea na Nairobi ilipiga kelele kama paka aliyebanwa na mlango. Wakati huo hakuna mtu mwingine aliyeweza kupiga simu dukani. Wateja walidhani tumefilisika.

Wazo la ukurasa lilikuwa la Hansa. Watu wetu walikuwa wameanza kuwa wengi Marekani, na msiba ukitokea nyumbani, wa ng'ambo walitaka kuiona programu kabla haijachapwa. Awali tuliwasomea kwa simu. Jaribuni siku moja kumsomea mtu majina ya wajukuu arobaini huku laini inakwaruza, akuulize "Moraa gani?" kila baada ya sekunde tano. Kwa hiyo Hansa akatengeneza ukurasa: tudogo tumepangwa safu safu, chini ya kila kadogo jina la familia, ukibofya inafunguka picha kubwa ya kusomeka.

Jinsi tulivyozitengeneza, msicheke. Tulipanga programu kwenye kompyuta. Tukaichapa kwenye karatasi. Tukaibeba karatasi hatua nne hadi kwenye skana, tukaiingiza tena ndani ya kompyuta ile ile ilikotoka. Hatukujua njia nyingine. Nilizitembea hatua hizo nne kwa miaka, na ndiyo safari ndefu zaidi ambayo nimewahi kuifurahia.

Kadogo kangu ka kwanza kalikuwa kazuri sana machoni. Siku ya pili Hansa akaniita.

"Dada Kerubo, hii picha umeifanyaje iwe ndogo?"

"Nimeuandikia ukurasa uionyeshe kwa upana wa pikseli mia moja na ishirini. Si unaona ni ndogo?"

"Wewe unaiona ndogo. Mtu wa Marekani anaivuta yote kubwa kupitia simu, kisha kompyuta yake ndiyo inaiminya. Umemkokota ng'ombe mzima hadi sokoni ili umwonyeshe mnunuzi sikio."

"Si heri amwone ng'ombe mzima?"

"Hamwoni ng'ombe! Anaona sikio! Ng'ombe yuko nyuma amefunga barabara!"

Hapo nikajifunza kuipunguza picha yenyewe kwanza, kisha kuipeleka. Nikajifunza pia kwamba aina moja ya faili inafaa nyuso za watu lakini herufi inazipaka ukungu, kama mtu aliyefuta ubao kwa kiwiko, na aina nyingine inazishika herufi sawasawa lakini inamfanya marehemu aonekane amechorwa kwa makaa. Tulichagua makaa. Marehemu hawakulalamika.

Walio hai walilalamika. Ukurasa mzima wa karatasi ukiuminya hadi upana wa vidole viwili, maandishi yanakuwa vumbi. Shangazi mmoja wa ng'ambo alituandikia kuuliza kama ile ilikuwa programu ya mazishi au picha ya siafu. Nikaona haya. Mimi ninapoona haya, huwa mbunifu, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Ubunifu wenyewe ulikuwa huu. Badala ya kuiminya karatasi yote, nikaamua kukata sehemu ya juu tu, pale penye picha ya marehemu na majina ya mwanzo, niiache katika ukubwa wa kusomeka. Nikazikata zote kwa kimo kimoja, zipange mstari sawa kama majani ya chai yaliyopogolewa. Na kwa kuwa kingo za mkato zilikuwa mbaya, kila kadogo nikakazungushia mstari mweusi pande zote nne, kaonekane kamekamilika. Hansa alikuwa amekwenda Kisumu kununua wino, hakuwepo kunicheka. Nilijipongeza mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata akaja Mwalimu Mogaka kutoka upande wa Nyacheki. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kalamu tatu mfukoni, zote nyekundu. Baba yake, Mzee Makori, mkulima wa chai, alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Alhamisi, mapema, ili Sabato ya Ijumaa jioni isiwakute na vyombo vya watu. Mzee alikuwa na wake wawili. Mogaka alikuwa kifungua mimba wa nyumba ya kwanza. Kifungua mimba wa nyumba ya pili, Omwenga, alikuwa Marekani.

"Madam," Mogaka akaniambia, akiiweka karatasi mezani kwa mikono miwili, "kila nukta iliyo hapa imepigiwa kura."

Akanieleza. Wazee wa kanisa walikuwa wametaka programu imtaje mke mmoja, yule wa ndoa ya kanisani. Omwenga akapiga simu akasema mama yake asipoandikwa, asihesabiwe yeye wala ndugu zake. Ukoo ukakaa kikao tangu asubuhi hadi ng'ombe wakarudi. Mogaka mwenyewe ndiye aliyesimama akasema nyumba ni mbili, na karatasi ni moja, ziandikwe zote. Ikakubaliwa kwa sharti kwamba Omwenga aione kwa macho yake kabla haijachapwa.

"Ataiona leo leo," nikasema. Naweza kusikia sauti yangu hadi sasa. Ilikuwa na uhakika wa kutisha.

Nikaipanga. Juu picha ya Mzee Makori na kofia yake. Chini yake nyumba ya kwanza: Bosibori na watoto wake. Chini zaidi nyumba ya pili: Kemunto na watoto wake. Nikachapa, nikatembea hatua nne, nikaskani. Nikakata kadogo kwa kimo changu kile kizuri, nikakazungushia mstari wangu mweusi. Nikakapeleka mtandaoni, kakafika salama. Picha kubwa ilipokuwa njiani, laini ikakatika. Nikajiambia nitaipeleka kesho asubuhi. Kesho yake asubuhi simu ilikuwa imekufa kabisa, kimya kama jiwe.

Sasa mnaona alichokiona Omwenga. Baba yake na kofia. Mama yake wa kambo. Ndugu zake wa kambo, wote, wanasomeka vizuri sana, shukrani kwa ubunifu. Kisha mstari mweusi. Kisha mwisho. Alipobofya aone zaidi, hakuna kitu.

Jumanne saa tano na nusu mwanamke wa makamo aliingia dukani, gambuti miguuni, ncha za vidole nyeusi kwa utomvu wa chai, leso imefungwa kiunoni kwa fundo la mtu aliyekuja kazini. Alisalimia vizuri, "Bwakire", tukaitika. Kisha akauliza:

"Nani hapa mwenye makasi?"

Nilidhani mteja. "Tunayo ya aina mbili, mama."

"Sikuja kununua. Nimekuja kumwona mtu aliyenikata."

Huyo alikuwa Mama Omwenga. Mwanawe alikuwa amepiga simu kwenye duka la jamaa yao kule sokoni Kenyenya, akaitiwa mama yake, akamwambia maneno manne: "Mama, wamekutoa kwenye karatasi." Mama akatoka hapo hapo bila kurudi nyumbani. Dakika chache nyuma yake akaingia Mwalimu Mogaka, anahema, tai begani.

"Mama, ngoja kwanza..."

"Wewe ulisimama kwenye kikao ukasema nyumba mbili. Nilikupigia makofi. Mikono hii hii!"

"Na ziko mbili! Madam, mwonyeshe!"

Nikakimbia kuileta karatasi. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa, mama, Kemunto, na hawa hapa watoto wako. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Hii umeichapa lini?"

"Jana."

"Jana yako au yangu? Mimi sijasoma, lakini nimeona ulivyokimbia. Mtu mwenye karatasi ya jana huenda polepole."

Nilikuwa nimepita shule, nimepita mitihani, na mwanamke asiyesoma alikuwa amenisahihisha kwa wino mwekundu kuliko wa Mogaka.

Mzee Lalji alikuwa ameinama kwenye kompyuta, ambayo ilikuwa bado imekabakiza kadogo. Alikatazama kwa muda mrefu.

"Kerubo. Hapa chini umeweka mstari."

"Ndiyo, mzee."

"Wa nini?"

"Urembo."

"Urembo," akarudia, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi uliochacha. Hakunigombeza, na ningependa kuwaambia kwamba hilo lilikuwa nafuu.

Mama Omwenga akaketi kwenye kasha la karatasi, akatueleza msimamo wake bila kupaza sauti. Mwanawe alikuwa amesema ataangalia tena saa kumi ya kwetu, ambayo kwao ni asubuhi kabla hajaenda kazini, kisha apige dukani. Hataki kuambiwa na mtu yeyote kwa simu, awe Mogaka, awe Mhindi, awe mama mwenyewe. Anataka kuona. Asipomwona mama yake pale, mama atakwenda kwa kaka zake kabla usiku haujaingia, na Alhamisi hatakuwepo.

Wageni hawaelewi uzito wa neno hilo. Kwetu, mjane asiyeketi kando ya jeneza la mumewe, watu hawamuulizi baadaye alikuwa wapi. Wanamuuliza alikuwa nani. Miaka thelathini ya kuchuma chai kwenye shamba lile, watoto sita, nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye kapicha ka vidole viwili nilikokata mimi ili kapendeze.

Simu ilifufuka saa saba. Saa nane mvua ya Kisii, ambayo haijawahi kuchelewa kazini hata siku moja, ikaanza kupiga mabati. Simu yetu na mvua hazikupatana, kwa hiyo nilijua sina muda mrefu.

Nikafikiri. Kupeleka picha kubwa peke yake hakutasaidia. Ilikatika jana bila mvua, na leo ingekatika ikiwa kwenye kofia. Kuiminya karatasi nzima kungemletea Omwenga siafu. Basi nikamwambia Mogaka nitakata upya, ila safari hii sehemu ya chini, pale penye jina la Kemunto.

"Halafu mama yangu aende wapi?" Mogaka akaruka. "Yeye pia ana watoto wenye kompyuta!"

"Mwalimu, nyumba yenu kila mtu anajua iko juu..."

"Na jana ulidhani kila mtu anajua ya pili iko chini!"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemkata mke mmoja, na dawa yangu ilikuwa kumkata mwingine ili haki itendeke. Nikaziba uso kwa mikono. Na ni katika kuziba uso huko, huku mkono mmoja uko jicho la kushoto na mwingine la kulia, ndipo nilipoona jambo la kipumbavu ambalo Hansa angeliona wakati bado anavua koti: hakuna sheria iliyosema hati moja iwe na kadogo kamoja. Nikakata tudogo tuwili. Kamoja nyumba ya kwanza, kamoja nyumba ya pili, kimo kimoja, upana mmoja, tumekaa ubavu kwa ubavu kwenye safu moja. Hakuna wa juu, hakuna wa chini. Mstari mweusi nikaufuta. Chini nikaandika kwa herufi za kawaida: ni karatasi moja, sehemu mbili.

Nikawaita watazame. Mogaka akakodoa macho.

"Na upande wa kushoto anakaa nani? Kwa sababu mtu husoma kuanzia kushoto."

Nilitaka kulia. Nikamgeukia Mama Omwenga, nikimwogopa kuliko mvua.

"Muweke mkubwa wangu," akasema, kama mtu anayeulizwa kama chai iwe na sukari. "Alinitangulia, sikatai. Mimi sijawahi kukataa kuwa wa pili. Ninakataa kutokuwepo."

Mogaka akaitazama sakafu. Akachukua kalamu moja mfukoni, akairudisha.

Nikapiga Nairobi. Paka akalia mlangoni, tukaunganishwa. Kadogo ka kwanza kakaenda. Ka pili kakafika katikati, radi ikapiga, laini ikafa. Sasa mtandaoni kulikuwa na nyumba ya kwanza peke yake, kama jana, ila safari hii bila urembo. Nikapiga tena. Nambari inatumika. Nikapiga tena. Mama Omwenga alikuwa akiitazama saa ya ukutani, na saa hiyo aliweza kuisoma vizuri sana. Mara ya nne tukaingia. Nilikaona ka pili kakienda mstari kwa mstari, na nawaapia nilishika pumzi mpaka Mogaka akanigonga mgongoni. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

"Kata modemu!" Mzee Lalji akasema. "Kata, apate kupiga!"

Nikakata. Tukaketi, watu wanne, tukiitazama simu. Ikalia. Mzee Lalji akainyakua.

"Haloo! ... Manila? Hatuna manila! Weka simu chini, mama, kuna watu wanaingoja!"

Manila zilikuwa nyuma yake, rundo zima. Sikumkumbusha.

Ikalia tena. Simu za ng'ambo za wakati huo zilipigiwa kelele, kila mtu akidhani umbali unapungua kwa sauti, kwa hiyo tulimsikia Omwenga duka zima.

"Mama yuko hapo? Mama! Nimefungua! Kuna picha mbili!"

"Mimi niko ya ngapi?"

"Ya pili!"

"Soma."

Akasoma. "Nyumba ya pili, Kemunto." Mama akafumba macho. Akaanza kuwataja watoto, na kwa kila jina mama akakunja kidole kimoja. Omwenga. Nyaboke. Ombati. Moraa. Ongeri. Mkono mmoja ukajaa. Kisha Omwenga akasita, na sauti yake ikashuka hata tukalazimika kuinama.

"Na Nyanchama. Mama, wamemwandika Nyanchama."

Huyo alikufa akiwa na mwezi mmoja tu. Mimi nililitaipu jina hilo bila kujua. Aliyeliandika kwenye karatasi ni Mogaka.

"Msome huyo tena," mama akasema.

Akamsoma tena. Mama akakunja kidole cha sita, akakitazama kidogo, akamrudishia Mzee Lalji simu. Mogaka alikuwa amegeukia rafu za daftari, anazihesabu kwa bidii ya ajabu.

"Chapeni," Mama Omwenga akasema. Alipofika mlangoni akageuka kwangu. "Na wewe mwenye makasi, Alhamisi uje. Ukae mahali nitakapokuona."

Mimi, ambaye hata Kenyenya nilikuwa nikiisikia tu. Lakini nilikwenda. Matope yalinifika magotini, na nilimkumbuka sana Hansa, ambaye aliporudi kutoka Kisumu na kuambiwa kila kitu hakucheka, jambo lililoniuma kuliko angecheka. Nikapata kiti cha nyuma chini ya turubai. Programu zilikuwa mikononi mwa watu wote, nusu yao wanazitumia kufukuza nzi. Wajane wawili walikuwa mbele, kiti kwa kiti, jeneza mbele yao.

Mzee wa kanisa akasimama kusoma wasifu. Akaisoma nyumba ya kwanza kwa sauti nzuri, Bosibori na watoto wake, kila mmoja akisimama na kuketi. Alipofika mwisho wa nyumba hiyo akanyamaza. Akasafisha koo. Akaitazama karatasi kana kwamba nayo ilikuwa imeishia hapo.

Mama Omwenga akasimama.

Alisimama tu, mikono mbele, akimtazama kama mtu aliye kwenye foleni na anajua itasogea. Watu wakaacha kufukuza nzi. Mzee akaitazama karatasi tena, kisha akamtazama yeye, kisha akasoma: Kemunto. Akawasoma watoto mmoja mmoja, aliyeko akasimama, na alipolitaja jina la yule wa mwezi mmoja, mama akainua mkono kidogo kuitika kwa niaba yake.

Majina yakaisha. Watoto wakaketi. Yeye bado alikuwa amesimama, anatutazama wote, safu kwa safu, hadi nyuma nilikokuwa. Ndipo Bosibori, mama yake Mogaka, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono akamvuta upindo wa leso.

"Keti sasa," akamwambia. "Umeonekana."